Mota ya kufulia maji kwenye jahazi la rimoti: nimejaribu nne, moja ndo imebaki ndani

Nianze na hili mapema, kama una boti ya rimoti na unatafuta mota ya brashilesi (isiyo na kaboni) ya pampu ya kutoa maji kwenye ngama, yaani chini ndani ya chombo maji yanapojikusanya, usinunue kwa kuangalia KV kubwa, ile namba ya spidi. Mi nilinunua hivyo na hela ikaenda, na naona watu wengi wanafanya vilevile kwasababu wauzaji wote wanatangaza spidi tu, spidi spidi, wakati pampu ya ngama haina mashindano na mtu yeyote, kazi yake ni kunyanyua maji sentimita kumi na kitu na kuyamwaga nje, basi.

Jahazi lenyewe ni la mbao, urefu sentimita 110, upana 32, kilo 9 likiwa na farumi yake yote (mawe ya kuongeza uzito chini). Tumelijenga mimi na mjomba wangu ambaye ujana wake wote alikuwa fundi wa mashua na hakutaka kabisa kusikia habari za faiba, alisema kama ni jahazi basi liwe na mkuku, liwe na mataruma, mbao zikae sawasawa na kalafati ya pamba ipigwe katikati kama la kweli. Nikamkubalia, na limependeza kinoma, tukilishusha pale Kigamboni watu wanaacha kuogelea wanakuja kuangalia. Ila mbao ni mbao. Likikaa ndani wiki mbili tatu na joto hili la Dar mbao zinakauka zinasinyaa, ukilirudisha majini nusu saa ya kwanza linavuja huku na huku mpaka zinywe maji zivimbe zijibane tena. Majahazi makubwa nayo ndo hivyohivyo, ndo maana chomboni siku zote kuna mtu na upo lake (kopo la kutolea maji) anafua maji. Sasa chombo cha sentimita 110 kikiwa mita 60 kutoka ufukweni nani atafua? Hapo hujaweka tundu la shafti ya rafadha, lile panga la kusukuma chombo (nina kamota kadogo ka kusukuma upepo ukikatika), na hujaweka wimbi la boti ya wavuvi inayopita kasi, na jahazi halijafunikwa juu, kwahiyo wimbi moja tu likipanda linaacha lita nzima ndani.

Wengi wanaanza na mota, mi nakushauri anza na maji. Chukua tundu la milimita 3 lililo sentimita 8 chini ya usawa wa maji, ukipiga hesabu linaingiza kama theluthi moja ya lita kwa dakika, yaani lita 19 au 20 kwa saa. Inaonekana kidogo lakini dakika 10 ni zaidi ya kilo 3, na jahazi langu lote ni kilo 9, limekwisha hilo. Upande wa pili sasa, hiyo lita 20 kwa saa ni kitu kidogo sana kwa pampu yoyote, hata pampu inayotoa lita 100 kwa saa kikwelikweli (sio za kwenye boksi) inalishinda tundu hilo mara tano. Na urefu wa kunyanyua maji, toka chini ya ngama hadi kwenye tundu la kutokea ubavuni, kwangu ni sentimita 15. Hizo namba mbili, maji kiasi gani na juu kiasi gani, ndo zingeniokoa kama ningezikaa nazo chini kabla ya kufungua waleti.

Ya kwanza nilichukua zile pampu ndogo nyeupe za volti 3 mpaka 6 ambazo vijana wa elektroniki wanatumia kumwagilia mimea, elfu 6 tu, ndani ina mota ya kaboni. Kwa maji ya bomba kwenye beseni ilikuwa poa kabisa. Baharini ilinifaa mara tatu. Ya nne ikalia kidogo ikanyamaza, na hiyo ndo siku jahazi lilirudi limelala ubavu, tanga limelowa, mjomba akaingia majini na nguo zake kulikamata. Nilipoipasua nyumbani nikakuta maji yameshapita kwenye kasili kadogo ka shafti, kaboni zimekuwa uji mweusi na shaba pale zinapogusa imeshakuwa kijani. Mota ya kaboni ina kitu kinachosugua muda wote, ina vicheche, ina vumbi lake, na kinga yake yote dhidi ya maji ni kale kampira kamoja kanakobana shafti inayozunguka. Kampira kakilegea tu chumvi imeingia kwenye umeme. Sisemi ni mbaya, kama boti yako ni ya bwawa la kuogelea na unaitumia mara moja kwa mwezi chukua hiyo, bei ni ya soda na chipsi. Ila kwa bahari hapana, maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kila lita, hiyo sio kitu cha kuchezea na kaboni.

Kwahiyo nikahamia brashilesi, na kosa likaanzia hapo.

Mota ya brashilesi kwa asiyejua, haina kaboni, koili zimetulia hazizunguki, kinachozunguka ni sumaku. Inatoka na waya tatu na lazima uwe na ESC (kifaa cha kudhibiti spidi) ya kuiendesha. Kwasababu hakuna kinachosugua zaidi ya beringi, hata ukiitumbukiza kwenye maji baridi (yasiyo na chumvi) inazunguka tu, koili zimepakwa vanishi. Nikasikia hivyo nikasema safi, nikanunua mota ya droni, 1806 ya KV 2300. Hizo namba maana yake ni hii: 18 ni kipenyo cha lile bonge la koili kwa milimita, 06 ni urefu wake, na KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja ikiwa haina mzigo. Na betri yangu ya 2S (seli mbili) ya volti 7.4 ni mizunguko elfu 17. Nikajitengenezea nyumba ya pampu kwa kipande cha paipu ya PVC na impela (gurudumu la mapanga la kusukuma maji) ya milimita 20 niliyoikata mwenyewe, nikaitia kwenye beseni, nikaminya rimoti.

Maji yaliruka mpaka kwenye dari, sitanii. Na baada ya dakika moja na nusu ESC ilikuwa moto kiasi cha kutogusika.

Sababu yake nimekuja kuielewa baadae na nataka niieleze vizuri kwasababu ndo roho ya jambo lote. Kwenye pampu ya impela ukizidisha mizunguko mara mbili, maji yanaongezeka mara mbili, urefu yanaporuka unaongezeka mara nne, lakini nguvu inayotakiwa inaongezeka mara nane. Ukizidisha mizunguko mara nne nguvu inapanda mara 64. Sasa mi nahitaji sentimita 15, na kwa impela ile ya milimita 20 mizunguko elfu mbili na nusu mpaka elfu tatu kwa dakika inatosha kabisa. Nilikuwa nazungusha karibu mara tano ya hapo ili maji yaruke mita kadhaa ambazo sizihitaji, na betri ndo inalipa.

Utasema si upunguze tu mafuta, yaani spidi, kwenye rimoti? Nilifanya hivyo. Shida ni kwamba ESC za kawaida hazina sensa, zinajua sumaku ilipo kwa kusikiliza umeme mdogo ambao mota inaurudisha ikiwa inazunguka. Mota ya KV kubwa ukiizungusha polepole umeme huo unakuwa hafifu mno, ESC inapotea, mota inatetemeka badala ya kuzunguka, inapiga tktktk, mara inashika mara inaacha. Na ikitetemeka bila kuzunguka ndo inakula umeme zaidi. Pampu inayoweza kugoma kuanza siku maji yamejaa ni bora usiwe nayo. Juu ya yote baada ya wiki tatu za bahari beringi zikaanza kulia kama nyenje, na sumaku zilizokuwa zinang'aa zikaanza kutoa kutu pembeni pale ambapo ile rangi ya nikeli imekwaruzika. Maana hizi mota za droni ziko wazi, kila kitu unakiona, sumaku, koili, beringi, na chumvi inaviona pia. Wanaokwambia brashilesi inafanya kazi ndani ya maji hawadanganyi, ila waulize maji gani na kwa muda gani. Kama uko Mwanza ziwani maji ni baridi, suuza upake mafuta kwenye beringi utadumu nayo. Huku kwetu hapana.

Ya tatu ilikuwa bora sana na hii naipa heshima yake. A2212 ya KV 1000, ile mota ambayo karibu kila aliyewahi kuunda droni au ndege ya povu ameipitia, ina shafti ya milimita 3 na pointi kidogo, uzito kama gramu 50. Safari hii sikuiweka majini. Niliifunga juu, chini kidogo ya benchi la tezi (nyuma ya chombo), kavu kabisa, halafu nikashusha fimbo ya chuma cha pua ya milimita 3 ndani ya mrija wa shaba uliojaa grisi hadi kwenye impela huko ngamani. Impela nimeipanua hadi milimita 28, kwasababu impela kubwa inakupa urefu uleule kwa mizunguko michache. KV ndogo maana yake ni kwamba rimoti ikiwa nusu, mota iko kwenye mizunguko elfu tatu na kitu hivi, ESC inasikia vizuri, haitetemeki, inaanza kila mara. Mota ikaishia uvuguvugu tu. Maji yanatoka ubavuni mshipa mnene mzuri kama wa chombo cha kweli, watoto walikuwa wanashangilia.

Kwenye rimoti yangu ya FlySky FS-i6 nimeipa chaneli ya 5 na nikaiunganisha na kile kitufe cha kuzungusha cha VRA, unaongeza taratibu. Kama una ESC mbili kwenye risiva moja chomoa waya mwekundu wa mojawapo, maana zote mbili zinaleta volti 5 na zinaweza kugombana.

Basi kwanini sikubaki nayo? Kwasababu sitaki kuikumbuka. Nikiwa na jahazi upepo umeshika mi macho yako kwenye tanga na usukani, sijui ngamani kuna nini, kwa mbali huoni maji ya ndani mpaka chombo kimeshaanza kuzama omo (mbele). Nataka swichi ya floti, maji yakipanda iwake yenyewe. Na hapa ndo ESC inapokukatalia. Nilidhani nitaweka testa ya servo, kale kaboksi kanakotoa ishara kama ya rimoti, niitegeshe kwenye nusu, halafu floti ikate na kuunga umeme wa betri, kitu chepesi. Haikuwaka hata siku moja. ESC yoyote ya kawaida ukiipa umeme ikakuta mafuta yapo juu inagoma kwa usalama, inapiga tu bip bip inasubiri uishushe mpaka sifuri kwanza. Ni kinga nzuri, bila hiyo pangaboi la droni lingekata vidole vya watu, lakini kwa pampu ya kujiwasha inakuwa ukuta. Njia ya kupita ipo, unaweka kakompyuta kadogo kama Arduino kanasoma floti, kanatoa sifuri sekunde chache halafu ndo kanapandisha, na kijana mmoja aliniandikia hiyo programu kwa dakika 20. Ilifanya kazi. Ila sasa hesabu vitu vilivyomo ndani ya ngama ya chumvi: mota, ESC, Arduino, floti, waya kumi na ngapi. Kila kiungo ni sehemu ya kuoza.

Kwa mtu mwenye tagi (boti ya kuvuta meli) kubwa ya mita moja na nusu, au anayetaka ile mizinga ya maji ya kuzimia moto irushe kweli, hiyo 2212 ikiwa kavu na shafti ndefu bado ndo ningemshauri, bila kusita. Kwa jahazi langu ilikuwa imezidi.

Ya nne ndo hii iliyobaki. Ni zile pampu nyeusi ndogo za brashilesi za volti 12 zenye waya mbili tu, zimeandikwa DC30A-1230, lita 240 kwa saa, mita 3, wati 4.2. Watu wanazitumia kwenye matangi ya samaki, kwenye chemchemi za bustani, kupozea kompyuta. Nilizipuuza mwanzoni kwasababu zinaitwa pampu na mi nilikuwa natafuta mota, kumbe mota bora ya kazi hii ilikuwa imeshafungwa ndani ya pampu muda wote.

Ukifungua kifuniko cha mbele, unazungusha kidogo tu kinatoka, utaona impela na sumaku ni kitu kimoja, kimevaa kwenye kashafti ka seramiki na kinaogelea humohumo kwenye maji. Koili ziko upande wa pili wa ukuta wa plastiki, zimezikwa kwenye epoksi pamoja na kasaketi ka kuziendesha. Hakuna shafti inayopenya ukuta, kwahiyo hakuna sili, na kama hakuna sili hakuna cha kulegea. Sumaku inavutwa kupitia ukuta. Chumvi haina pa kupita kwenda kwenye shaba. Nilipoliona hili mara ya kwanza nikakaa kimya kidogo, maana shida zote nilizohangaika nazo miezi mitano mtu alishazimaliza kwa kutenganisha tu maji na umeme kwa ukuta usio na tundu.

Na kwasababu ESC yake iko ndani na ni ya kazi hiyohiyo moja, ukiipa umeme inaanza. Haiulizi mafuta yako wapi. Waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi, floti katikati, imeisha. Zile floti ndogo za plastiki zenye sumaku ndani nyingi zimeandikwa wati 10 na nusu ampia, na pampu hii inakula kama ampia 0.35 kwahiyo iko ndani ya uwezo, wakati ile 2212 ingeichoma floti hiyo siku ya kwanza.

Kwenye betri ya lipo ya 3S (seli tatu) ikiwa imejaa ni volti 12.6, imezidi kidogo ile 12, nimetumia hivyo tangu mwanzo na haijapata joto wala kubadili sauti. Kwa kupima na ndoo na saa ya simu, ikiwa imefungwa kwenye jahazi na mpira wake na kona zake zote, ilijaza lita 2 kwa sekunde 41, hiyo ni kama lita 175 kwa saa. Sio 240 ya kwenye karatasi, na sikutegemea iwe, hiyo 240 ni ya pampu isiyo na mpira wala urefu. Kwenye 2S inatoa pungufu lakini bado inashinda tundu langu la milimita 3 kwa mbali. Betri ndogo ya mAh 1300 kwa ampia 0.35 inafua zaidi ya masaa matatu mfululizo, mi naishia kutumia hata robo haifiki.

Kelele hakuna. Ukiweka mkono unasikia mtetemo mdogo tu.

Mapungufu yake sasa, maana yapo. Kwanza ni nene. Sio kitu cha kuficha kwenye boti ya sentimita 50, ni kubwa kama nusu ya ngumi, na uzito wake unausikia mkononi. Mi nimetoa jiwe moja la farumi nikaiweka pampu mahali pake, uzito ukarudi palepale, mjomba ndo alisema tufanye hivyo. Pili haivuti maji yenyewe ikiwa juu ya maji, lazima izame au mdomo wake uwe chini ya usawa, na ikishika hewa ndani inazunguka bure. Dawa ni kuilaza ili mdomo wa kutolea uangalie juu, hewa ipande itoke. Tatu, haipendi kuzunguka kavu, kale kashafti ka seramiki kanalainishwa na maji yenyewe, kwahiyo floti yako iweke izime wakati bado kuna maji kidogo, usitake ngama iwe kavu kama sebule. Kwangu zinabaki milimita 12 hivi na haina neno.

La nne sikuliona popote limeandikwa. Sumaku iko ndani ya maji, kwahiyo inakusanya vyuma. Mwezi wa pili pampu ikapungua nguvu, nikaifungua nikakuta sumaku imeota ndevu za unga wa chuma, ni ule uliobaki ngamani tulipokuwa tunapiga tupa kwenye misumari. Nikafuta kwa kipande cha selotepu, ikarudi kama mpya. Kama umejenga chombo mwenyewe pitisha sumaku ngamani kabla ya kuweka hii pampu, na weka kichujio, mi nimetumia kipande cha soksi ya nailoni, maana nyuzi za pamba ya kalafati nazo zinajisokota kwenye impela.

Na suuza. Ukirudi nyumbani iendeshe dakika mbili kwenye ndoo ya maji baridi, chumvi ikikaukia ndani inagandisha impela, siku ya pili haizunguki mpaka uikorokochoe na kidole.

Dukani kuwa makini kwasababu kuna pampu za kaboni zinauzwa kwa jina la brashilesi, nimeuziwa moja hivyo nikairudisha. Omba ufungue kifuniko cha mbele palepale kaunta. Ukiona impela imechomekwa kwenye kashafti kembamba ka chuma kanakotoka kwenye ukuta, hiyo karibu kila mara ni ya kaboni. Ukitoa impela ikaja na bonge la sumaku nyuma yake, hiyo ndo yenyewe. Kwa bei mi nilipata moja kwa elfu 28 Kariakoo na nyingine nikaagiza nje ikaja kwa pungufu ya hapo ila nilisubiri mwezi na siku. Ukilinganisha na 2212 pamoja na ESC na Arduino na kapulingi (kiungo cha mota na shafti) na fimbo ya chuma cha pua, hiyo ya waya mbili ni nusu ya gharama na chini ya hapo.

Kuhusu kuifunga, mpira wa kutolea upandishe mpaka karibu na ukingo kabla haujashuka kwenda nje, na tundu la kutokea liwe juu ya usawa wa maji hata chombo kikilala. Jahazi likishika upepo linalala sana, na tundu likizama na pampu imezimwa maji yanarudi ndani kwa mpira uleule, pampu hizi hazina valvu ya kuzuia. Mi la sasa nimelitoboa nyuma karibu kabisa na tezi, katikati, ambako kulala hakulifikishi majini. Pampu yenyewe ikae mahali ambapo maji yanakimbilia chombo kikiwa kinatembea, sio kikiwa kimesimama kwenye beseni. Kwangu ni kidogo nyuma ya mlingoti, juu ya mkuku, tulipajua kwa kumimina maji ya rangi ndani na kulisukuma taratibu tukaangalia yanajikusanya wapi.

Imekaa miezi saba sasa. Jumamosi iliyopita kusi lilikuwa limepiga vizuri, tukaliachia kutoka saa tatu hadi saa sita kasoro, na mara sita au saba hivi nikaona ule mshipa mdogo wa maji unaruka nyuma ya tezi halafu unakata wenyewe, mi sijagusa kitu. Tulipolitoa mjomba akaingiza mkono ngamani kama anavyofanya siku zote, akatoa vidole vimelowa ncha tu. Akaigeuza geuza ile pampu, akaniuliza kama ipo kubwa yake ya kuweka kwenye mashua ya rafiki yake ambaye anafua kwa kopo kila alfajiri kabla ya kutoka. Nikamwambia pampu za ngama za volti 12 za mashua zipo nyingi, ila hizo nilizoziona madukani mpaka sasa ni za kaboni. Akasema basi tafuta isiyo na kaboni. Ndo natafuta, kama kuna mtu ameshaitumia kubwa ya hivi kwenye chombo cha kweli cha mbao aniambie imemchukuliaje chumvi.